Mkwe wa Shaba Mbele ya Mlango Wetu

S.L.P. 218,
Singida.
14 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Magdalena,

Nakuamkia kwa mbali, nami najua umeshasema shikamoo moyoni kabla hujaumaliza mstari huu. Marahaba, mdogo wangu. Mgongo unaendeleaje? Mwanao Jesca na wanawe hawajambo? Yule mdogo aliyekuwa na kifua, je, amepona sawasawa, au baridi ya Kabwe bado inamsumbua? Huku kwetu ni upepo mtupu. Unaanza alfajiri kutoka ziwani na haunyamazi mpaka jua likolee, na goti langu la kulia linaujua kabla sijafungua dirisha. Zaidi ya goti hilo sina ugonjwa. Alizeti imeshavunwa na mji mzima unanuka mashudu.

Barua yako ya Machi nimeisoma mara tatu. Umewasalimia watu kumi na mmoja kwa majina yao; nimewahesabu kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani, na Mama hayumo. Sikulaumu. Ndivyo ilivyo tangu ulipoondoka kwenda Zambia mwaka 1968. Ila barua ya leo karibu yote ni habari zake, nami nakuomba usiikunje kabla ya kufika mwisho.

Ile picha ya marehemu Manase uliyonitumia mwaka juzi, ndani ya bahasha isiyo na neno hata moja, imefanya kazi yake. Mume wako ameketi katika bustani ya mji wa Singida. Ameketi juu ya kigoda, kigoda kiko juu ya jiwe la jabali lenye urefu wa kifua cha mtu, na vyote isipokuwa jiwe ni vya shaba. Zeze limeegemea bega, uta uko mkononi, kichwa kimeinama kidogo upande wa kibuyu, kama alivyokuwa akiinama alipotaka kusikia kama uzi umelegea.

Aliyetoa gharama ni Mansuri, mtoto wa marehemu Hussein aliyekuwa na duka pale kijijini kwetu Ulemo. Wewe utamkumbuka akiwa mtoto wa kubeba mizani. Siku hizi, tangu biashara ilipoachwa huru, ana kiwanda cha kukamua alizeti na malori mawili. Aliniambia kwamba siku za kupima karanga Manase alikuwa akipiga zeze barazani kwao tangu asubuhi mpaka gunia la mwisho, na kwamba yeye Mansuri akiukumbuka utoto wake anasikia sauti hiyo kabla hajaona kitu chochote. Basi alipopata uwezo akataka kumlipa. Kwanza alitaka sanamu iwekwe uani kwake. Dada yake Johari, ambaye ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, akamwambia waziwazi kwamba nyumba anayoswalia yeye haitakaa sanamu, hata ikiwa ya mtu mwema namna gani. Ndiyo sababu ikapelekwa bustanini, mahali pa watu wote.

Mansuri akamleta fundi kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo, mpole, jina lake Gerald. Alifanya kazi hiyo uani kwa Mansuri miezi minane, nami nilikwenda pale karibu kila siku, kwa kuwa mstaafu hana la kufanya na kwa kuwa sikuweza kukaa mbali. Ngoja nikueleze alivyokifanya kichwa, maana sijaona jambo kama lile katika maisha yangu.

Alikitengeneza kwanza kwa nta, nta ya manjano ya nyuki wetu wa huku. Kila mkunjo wa uso aliuchora kwa kijiti akiitazama picha yako. Alipomaliza, akaipaka nta ile udongo laini, tabaka juu ya tabaka, mpaka uso wote ukazama ndani ya donge lisilo na sura. Donge likaingia tanurini. Nta ikayeyuka, ikatoka yote kwa tundu la chini, na mle ndani ikabaki nafasi tupu yenye umbo la shemeji yangu. Magdalena, hebu fikiri. Ndani ya udongo ule hapakuwa na kitu ila kutokuwepo kwake, na kutokuwepo huko kulikuwa na pua, na masikio, na kovu juu ya nyusi. Ndipo wakamimina shaba iliyoyeyuka, iliyokuwa mabomba makuukuu ya maji, vitasa, vipuri vya mashine na kengele moja iliyopasuka, pamoja na bati kidogo.

Nimeishi na risasi iliyoyeyuka miaka thelathini na minane katika kiwanda cha uchapaji kule Songea. Nimemimina na kusubu herufi nyingi kuliko watu niliopata kuwaona. Nilidhani hakuna kalibu inayoweza kunishangaza. Lakini walipoupasua udongo siku ya pili, na uso ule ukatokea umejaa masizi, mweusi, bado una joto, nilijikuta nimevua kofia. Mafundi wawili waliokuwa wakicheka muda wote wakaweka nyundo chini. Gerald mwenyewe aliketi chini. Baadaye aliniambia kwamba huwa anaogopa kila mara, maana nta ikishatoka hakuna tena cha kurudia. Shaba ikikosea njia, uso umekwenda.

Sasa nakuja kwenye kosa, nalo ni langu.

Gerald aliponiuliza sanamu itazame wapi, yeye alipenda itazame mashariki ili jua la asubuhi limpige usoni. Nikaangalia mashariki ya bustani nikaona nini? Nyumba yangu, ile niliyoinunua kwa kiinua mgongo nilipopunguzwa kazini, ambamo nimemleta Mama kutoka Ulemo. Nikafurahi kama mtoto. Nikasema, hapo hapo, aitazame nyumba ya mkwewe. Nilifikiri namheshimu Mama. Wakamwaga zege, wakafunga nondo, kazi ikaisha. Mdogo wangu, nimesoma vitabu vingi kuhusu mila za watu wa mbali, ningeweza kukueleza ndoa za visiwani na za jangwani. Ya kwetu niliisahau. Miaka arobaini ugenini iliiondoa yote, na sikujua kwamba nimeipoteza mpaka nilipomwona Mama.

Kitambaa kilichoifunika sanamu kilivuliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Mama alitoka na ungo wake wa kunde kuketi barazani kama kawaida. Macho yake, nitakueleza baadaye, hayaoni vizuri; aliona kitu kikubwa cheusi ng'ambo ya barabara, akaniuliza ni nani. Nikamwambia kwa majivuno kwamba ni Manase wetu, anamtazama. Ungo ukamtoka. Alivuta kanga akajifunika uso mzima, akageuka, akaingia ndani akipapasa ukuta, na tangu saa ile hakutoka kwa mlango wa mbele.

Wewe hukusahau. Unajua kwamba tangu siku Manase alipokuja kuposa mpaka alipokufa, yeye na Mama hawakutazamana usoni hata mara moja, na kwamba akija kwetu alipaswa kutoa sauti akiwa mbali ili mkwe apate kupisha njia. Wanaume wengine hukohoa. Mume wako alipiga zeze. Basi sasa mkwe amekuja, ameketi mbele ya mlango, hakohoi wala haondoki.

Kwa wiki tano Mama alipitia mlango wa uani. Kanisani hakwenda, kwa sababu njia inapita bustanini. Alianika kunde zake kwenye kivuli cha choo. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita bibi wa mkwe wa shaba. Johari, ambaye anampenda sana Mama na hawezi kunyamaza, alimchungulia juu ya ukuta akamwambia, "Bibi, huyo hapepesi hata kope. Unamwonea haya ya nini?"

Mama akamjibu bila kuinua kichwa, "Johari, haya si ya macho yake. Ni ya macho yangu."

Nilikwenda ofisi za mji kuomba sanamu igeuzwe. Kijana wa pale alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza aandike mlalamikaji ni nani, mwenye nyumba au sanamu. Mansuri alikuwa tayari kulipa. Gerald, aliyekuwa bado hapa, akapima akasema nondo zimeingia ndani sana. Zege likivunjwa huenda mguu ukapasuka, na hata sanamu ikigeuka salama itakuwa inatazama grosari ya pombe. Mansuri akasema baba yake angefufuka kumlaani. Nikarudi nyumbani, sanamu ikabaki pale pale.

Habari zilifika Kinyangiri kwa wakwe zako, unavyojua habari zinavyotembea na mabasi. Jumamosi ya tarehe sita mwezi huu nikasikia mtu anakohoa nje ya ukuta wa uani, tena anakohoa, tena. Alikuwa Filipo, mdogo wake Manase. Amekuwa mzee, ana mvi kunishinda. Ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi dume mweupe. Hakuingia, kwa maana naye ni mkwe. Alinipa mgongo na kuuegemea ukuta, akasema maneno ambayo nadhani aliyapanga njia nzima.

"Mama, mimi ni Filipo wa Kinyangiri. Kaka yangu alikuletea mbuzi wa kuondoa haya, ukamrudisha naye. Hatukujua sababu mpaka leo. Nimemleta tena. Kama kosa la kaka lilikuwa dogo, tunaomba lisamehewe. Kama lilikuwa kubwa, tuambie tulijue."

Nilimtazama Mama. Mwaka ule wa 1966 mimi nilikuwa Songea, lakini barua yako ya wakati ule ninayo. Uliniandikia kwamba Mama amemrudisha mbuzi wa mume wako mbele ya watu, kwamba maana yake hamtaki ndani ya nyumba yake mpaka kufa, na kwamba Manase hakula siku hiyo. Mwaka uliofuata homa ya uti wa mgongo ikamchukua, Mama hakusogelea jeneza, nawe ukaondoka. Miaka yote hii nami niliamini kwamba alimdharau kwa kuwa hakuwa na ng'ombe.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono imelala mapajani. Kisha akaanza kusema kwa Kinyiramba, na sauti aliiinua makusudi ili ivuke ukuta.

"Hakuwa na kosa. Mbuzi nilimrudisha kwa sababu ya zeze."

Filipo akaacha kukohoa.

"Ningempokea, angekuwa anaingia ndani kama watu wengine. Angeketi, angekula, tungezungumza habari za mvua. Nani tena angenipigia akiwa njiani? Alikuwa akianzia kule kwenye miamba, na mimi niko jikoni, nazima moto nipate kusikia. Nikasema moyoni, ngoja mwaka mmoja. Mwakani nitampokea."

Ng'ambo ya ukuta ikasikika sauti ya Johari ikisema kwamba mbuzi anakula kanga yake kwenye kamba ya kuanikia. Nadhani bila hilo sote watatu tungelia.

Baadaye, Filipo alipokwenda kwa Johari kuomba radhi, nilimuuliza Mama kwa nini hakukuambia. Kwa nini alikuacha uende na fikra hiyo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Mama mkwe gani atasimama mbele za watu aseme anapenda kumsikiliza mkwewe? Magdalena aliona nimemdharau mume wake. Nikaona afadhali afikiri hivyo." Kisha akaongeza kwamba siku ya maziko alikuwa nyuma ya ghala la mtama tangu asubuhi, amesimama, akingoja labda mtu atalipiga lile zeze mara moja. Hakuna aliyelipiga.

Jioni hiyo alimpokea mbuzi. Aliishika kamba kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Jumapili alioga, akavaa kanga mpya, akanipa mkono nimpeleke. Tulitoka kwa mlango wa mbele. Filipo alifuata nyuma, na Johari nyuma ya Filipo, akinong'ona kwamba haendi kutazama sanamu, anamsindikiza Bibi. Jua lilikuwa limetoka sawasawa na Gerald alivyotaka, na shaba yote ilikuwa imegeuka rangi ya asali.

Mama alisimama mbele ya jiwe akiwa ameinamisha kichwa. Jiwe linamfika kifuani, kwa hiyo kitu cha kwanza mbele ya macho yake kilikuwa miguu. Aliisogelea karibu kabisa, kwa jicho lake la kulia, akaitazama, akaishika. Akasema miguu hii si yake. Ya Manase ilikuwa na kidole cha pili kirefu kuliko gumba, na kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa.

Mdogo wangu, ni kweli. Picha yako inaishia kiunoni. Gerald aliuliza mji mzima na hakuna aliyekumbuka miguu, hata mimi, hata Mansuri. Mwishowe alikwenda Kinyangiri akaitumia ya Filipo. Ukiacha wewe, mtu mmoja tu duniani alikuwa anaijua, kwa sababu miaka sita hakuruhusiwa kutazama kitu kingine.

Kisha akaanza kupandisha macho. Sijui nikuandikieje. Alipanda polepole, magoti, kibuyu, mkono wenye uta, na kila alipofika alisimama, kama mtu anayeomba njia. Alipofika kidevuni alishusha macho tena mpaka miguuni, akaanza upya. Mara ya pili akafika. Filipo alikuwa ameshika kofia kifuani. Upepo ulikuwepo, lakini sikumbuki kuusikia.

Aliutazama uso ule kwa muda mrefu kuliko misa ndogo. Mume wako alikufa ana miaka thelathini na minne, na shaba haijamwongeza hata siku moja. Mama ana themanini na mitano. Hatimaye alisema, kwa sauti ndogo, si kwetu, "Kumbe alikuwa kijana hivi."

Baadaye kidogo akasema, "Na mimi nilikuwa namkimbia."

Tulipokuwa tunarudi aliniambia nikuandikie. Nilimuuliza nikuambie uje. Akakataa. Alisema usiitwe, kwa sababu mtu aliyeondoka kwa uchungu hawezi kuitwa kama mtoto aliyechelewa kisimani. Uambiwe tu, kisha uachwe. Basi nimekuambia, neno kwa neno, na nimeisoma rasimu hii mbele yake mara mbili. Alisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika kwamba alilia bustanini. Hakulia.

Kuanzia hapa naandika asiyoyasikia, maana amekwenda kulala. Macho yake yana ugonjwa wa presha ya macho. Daktari aliyepita hapa Aprili alisema la kushoto limekwisha, na la kulia hadhani kama litauona mwaka ujao. Hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Yeye analijua hilo, na hakuniruhusu nikuandikie, asije akaonekana anakuvuta kwa ugonjwa. Namvunjia amri kwa mara ya kwanza katika uzee wangu.

Mama hataki uitwe. Mimi, kaka yako, ninakuita. Panda treni pale Kapiri Mposhi, shuka Mbeya, upite Iringa na Dodoma. Kutoka Dodoma siku hizi kuna mabasi ya watu binafsi kila siku, si kama zamani. Usingoje Krismasi. Uso wa Manase ameshauona, na utakaa pale hata sisi sote tukiondoka. Wako haujasubiwa kwa shaba.

Filipo na ukoo wote wa Kinyangiri wanakusalimu. Mansuri anakuletea heshima zake. Johari anasema ukija utalala kwake, maana kwangu hakuna mwanamke wa kupika. Msalimie Jesca, umwambie mjomba wake anaomba picha yake na watoto. Mungu aliyemlinda Mama miaka hii yote akulinde nawe njiani, na akufikishe mlango wa mbele ukiwa mzima.

Ni mimi, kaka yako anayekupenda tangu ulipokuwa mgongoni,

Gabrieli